Masese na Mikaratusi Kumi na Tisa

Masese hukata miti, na anaiogopa. Sijaona mwingine wa kazi yake aliye hivyo. Wengine hufika na pawa begani na kuiwasha kabla hawajawaamkia wenye boma. Pawa ni ule msumeno wa injini. Huku kwetu hauna jina lingine. Masese huiweka chini ikiwa imezimwa. Anauzunguka mti mara tatu. Anatazama juu kwenye matawi, halafu anatazama chini kwenye nyumba za watu. Halafu anaomba karatasi.

Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mabega mapana. Sikio lake la kushoto limeharibiwa na kelele, kwa hiyo ukitaka kusema naye unasimama kulia. Alizaliwa upande wa Ogembo, akaoa huku Birongo, akabaki huku. Mkewe huuza ndizi Mosocho. Siku ya Sabato hukaa benchi la nyuma kanisani, na mahubiri yakiwa marefu husinzia.

Naandika habari zake kwa sababu sokoni zinasimuliwa vibaya. Wanasema Masese ndiye aliyeuangusha mlima kwangu. Nilikuwepo. Si yeye.

Mke wangu Ruth alifariki mwaka jana, mwezi wa tatu. Tulikaa pamoja miaka arobaini na saba. Sina la kuongeza hapo.

Mikaratusi ilikuwa yake. Aliipanda kwenye mteremko nyuma ya boma, mahali ambapo chai ilikataa. Watu walimwambia mwanamke hapandi miti. Akasema basi wamlete mwanamume wa kuipanda, yeye atamshikia jembe. Hakuletwa mtu. Akapanda thelathini na moja, na kila mmoja alijua aliupanda lini. Mimi sikuwahi kuihesabu. Kwa nini nihesabu, na yeye yupo?

Chini ya mteremko huo kijana wetu Anyona alijenga nyumba yake. Kuta za udongo, mabati juu, simiti sakafuni. Anakaa hapo na mkewe Sheila. Nyumba yangu iko ng'ambo ya shamba la chai, mahali pa tambarare.

Mwezi wa kwanza mwaka huu ilinyesha mvua isiyo ya msimu, na mkaratusi mmoja ulitupa tawi kubwa likaanguka karibu na choo cha Anyona. Nilipanda kuangalia. Juu kabisa, nyuma ya miti, nikaona ufa ardhini. Ulikuwa mwembamba, kidole tu kingeingia. Lakini ulikuwa mrefu, ulianzia mpakani kwa jirani ukafika kwenye mwamba. Nilisimama juu ya ufa nikatazama chini. Niliona mabati ya Anyona na moshi wa jikoni. Sheila alikuwa anaanika nguo, mimba yake kubwa.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Kila mvua ilipopiga mabati nilikaa kitandani nikasikiliza upande wa mlima.

Anyona alisema, "Baba, hiyo miti ndiyo mizito. Inavuta udongo. Tukate yote, iishe."

Nikamwamini. Nikaenda kwa Masese. Nilimkuta anakula ndizi za kuchemsha.

"Nina miti ya kuangusha," nikamwambia.

"Mingapi, mzee?"

"Yote."

"Iko wapi?"

"Mteremkoni. Juu ya nyumba ya kijana wangu."

Akaacha kula. "Umeenda kwa chifu?"

"Miti ni yangu, Masese. Si ya chifu."

"Ikiwa imesimama ni yako. Ikilala utashangaa ilivyo na wenyewe wengi." Akafuta mikono. "Barua ya chifu kwanza. Uende nayo ofisi ya misitu. Watatuma mtu aje aone, apime, aweke alama. Kibali kitaandikwa ni mingapi, ni ipi, italala upande gani, na ni ndani ya siku ngapi. Mbao zikipanda lori, hiyo nayo ina karatasi yake."

"Na mvua ikija kabla?"

"Itakuja. Lakini mimi bila karatasi siwashi, mzee. Tafuta mwingine, nitakusalimia tu kanisani."

Sikupenda jibu lake. Nilirudi nyumbani na hasira na woga. Lakini nilienda kwa chifu.

Ofisi ya misitu ilimtuma msichana wa Nyamira anayeitwa Purity. Alikuja na buti za mvua, daftari, utepe wa kupimia na kopo la rangi nyekundu. Mtoto wa Sheila alikuwa amezaliwa wiki hiyo, msichana, na wakampa jina la bibi yake. Purity alisimama uani akasikia mtoto analia ndani. Akatazama mteremko. Hakucheka mpaka alipomaliza kazi.

Alipanda, akashuka, akapanda tena. Alipima kutoka mto ulio chini huko, akasema kandokando ya mto hakuguswi kitu. Alipofika kwenye ufa alipiga magoti akaingiza fimbo. Alikaa hapo muda mrefu.

"Nani aliwaambia mkate yote?" akauliza.

Anyona akasema, "Madam, hata mti wa mama yangu, kwenye shamba la baba yangu, ni lazima uniambie utalala vipi?"

"Ukiweza kuubembeleza ulale wenyewe mahali pazuri, mimi nirudi ofisini."

Masese, aliyekuwa amekuja kusikiliza, alicheka hadi akakohoa.

Purity alitueleza taratibu. Miti kumi na tisa ikatwe sasa, ile iliyoinama na ile mizito upande wa kati. Kumi na miwili ibaki, kwa sababu mizizi yake inashika udongo juu ya nyumba. Visiki vising'olewe. Magogo yasiviringishwe kuteremka, yabebwe ubavuni mwa mlima hadi njia ya pikipiki. Ardhi ikilowa, kazi isimame. Tupande miti ya asili kati ya visiki, na hiyo ikishika, ndipo ile kumi na miwili ije kuombewa kibali kingine.

"Ukikata huu," akanionyesha mkaratusi mkubwa karibu na ufa, "umekata msumari unaoshika paa. Umenisikia, baba?"

Nilimsikia. Akapaka duara jekundu kwenye kila mti wa kukatwa, kwa urefu wa kifua, na alama ndogo chini kwenye shina. Ile ya kubaki hakuipaka chochote. Nilitembea nyuma yake mti kwa mti. Halafu akasoma fomu kwa sauti. Mimi sikuenda shule. Herufi nilizijua kanisani, kwa Biblia, tayari nikiwa na wajukuu, na maandishi ya ofisi yananishinda. Nikaweka kidole gumba.

Kibali kilichukua wiki tatu. Wiki hizo zilikuwa ndefu. Mawingu yalianza kujaa kila alasiri. Nilipanda kila asubuhi kuangalia ufa. Siku moja vidole viwili viliingia. Sikumwambia Sheila, alikuwa na mtoto mchanga.

Kibali kilifika siku ya Alhamisi. Siku kumi na nne tangu tarehe ya muhuri. Masese akakishika, akakisoma mara mbili midomo ikicheza, akasema angekuja Jumatatu.

Jumapili ilikuwa kumbukumbu ya mke wangu, mwaka mmoja. Ijumaa nilienda Mosocho kununua simiti ya kaburi na kuwaambia wakwe. Nyuma yangu vijana wa kanisa walikuja kusafisha boma kabla ya Sabato kuingia. Ni kazi nzuri wanayofanya kila penye arusi au matanga. Walifyeka nyasi. Walipaka chokaa mawe ya njiani. Halafu Anyona akawaambia wapake na miti, kwa kuwa mama aliipenda.

Mkaratusi hubambuka. Ganda lake huning'inia kama nguo kuukuu, na chokaa haishiki juu yake. Vijana walilijua hilo. Wakachukua mapanga wakakwangua kila shina, wote thelathini na moja, kutoka chini hadi mkono unapofika. Wakapaka chokaa. Maganda yalikuwa makavu, wakayapeleka jikoni. Jumapili yalichemshia chai watu wote waliokuja.

Nilirudi Ijumaa jioni nikaona mteremko mzima mweupe. Nililia. Nilifikiri mke wangu angefurahi. Sikufikiri kitu kingine, na Sabato yote na Jumapili yote niliitazama ile miti, sikufikiri.

Jumatatu Masese alikuja na pawa, kamba na kabari zake. Akaweka pawa chini. Akatazama juu.

"Mzee Nyangau," akasema, "alama ziko wapi?"

Nikakaa kwenye jiwe lililopakwa chokaa.

Tulipanda mimi, yeye na Anyona. Masese alikwangua chokaa kwa kucha. Chini yake mti ulikuwa laini kama mkono wa mtoto, hakuna wekundu hata kidogo. Alijaribu mti wa pili, wa tatu, wa kumi.

"Ganda limeenda na rangi," akasema. "Liko wapi hilo ganda?"

"Tulilichemshia chai," Anyona akasema.

Masese akafumba macho.

"Sasa shida iko wapi?" Anyona akauliza. "Kibali kinasema kumi na tisa. Chagua kumi na tisa, kata."

"Kumi na tisa ipi?"

"Yoyote! Miti si watu, hakuna atakayesema si mimi niliyeitwa."

"Mzee, wewe ulitembea na yule msichana. Unaikumbuka?"

Nilijaribu. Nilienda kwenye mmoja nikasema huu ulikuwa na alama. Nikaenda kwa mwingine nikasema huu nao. Wa tatu nikasimama. Ilikuwa myeupe yote, imenyooka, imefanana. Ule mkubwa wa karibu na ufa ndio pekee niliokuwa na hakika nao, kwamba haukatwi. Ile kumi na mmoja mingine ya kubaki sikuijua. Mke wangu angeijua yote. Angesema huu ni wa mwaka wa njaa, huu ni wa mwaka Anyona alipoota meno.

"Sikumbuki," nikasema.

"Basi siwashi," akasema Masese.

Anyona akamgeukia. "Wewe ni mwanamume au ni karani? Watu wazima kumi wanakuita fundi, kumbe unaogopa msichana wa daftari!"

"Hama upande wa kulia, sikukusikia."

"Nimesema unaogopa!"

"Hilo nimelisikia. Ndiyo, naogopa."

Akakaa kwenye kisiki cha zamani. Halafu akasimulia, na mimi niliyemjua miaka mingi sikuwa nimewahi kusikia.

Alipokuwa kijana alikata na rafiki yake aliyeitwa Ogoti. Masese alishika pawa, Ogoti kamba. Mwenye shamba mmoja mbali huko, mlimani, aliwaambia wakate mstari wote kabla ya jioni. Hakukuwa na kibali. Hakukuwa na mtu aliyekuja kuangalia ni upande gani miti ingelala au watu wangesimama wapi. Gogo la nne liligonga kisiki, likageuka, likaanza kuviringika. Ogoti alikuwa chini anafungua kamba.

"Nilimwita," akasema. "Pawa ilikuwa inanguruma. Yeye hakunisikia, na mimi sikuisikia sauti yangu mwenyewe."

Polisi walipokuja waliuliza jambo moja tu: karatasi. Mwenye shamba alisema hakuwaita, hawajui. Masese alikaa rumande miezi minne. Alipotoka, mama yake Ogoti alikuwa amehama.

"Kwa hiyo niite karani," akamwambia Anyona. "Yule msichana alipiga magoti kwenye ule ufa. Wewe ulipiga?"

Anyona alitema mate, akashuka.

Jioni ile mvua ilianza.

Masese alisema twende ofisini asubuhi, mimi na yeye, tuseme kilichotokea. Hapo ndipo woga mwingine uliponishika. Mtu anayefuta alama za serikali husemwa amezifuta ili akate zaidi. Nina miaka sabini na nne. Nilijiona nimefungwa, nikafia huko, nikaletwa kulazwa kando ya mke wangu na watu wananong'ona. Nilimwambia Masese labda tungoje mvua ikatike.

"Ikikatika tutakuwa tumesema nini, mzee? Kwamba tuliona tukanyamaza?"

Jumanne tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, mimi nyuma. Ofisini niliikalia mikono yangu. Purity alisikiliza hadi mwisho.

"Nani alikwangua?" akauliza.

Niliwafikiria wale vijana wa kanisa, na Anyona. "Ni mimi," nikasema.

Masese akakohoa. "Madam, huyu mzee hawezi hata kuinua panga. Ni vijana, walikuwa wanapamba kaburi la mama. Hawakujua. Mwandike aliyekuja kusema, siyo aliyekosa."

Purity alinitazama, akafungua daftari. Huko ndani kila mti ulikuwa na unene wake na hatua zake kutoka mpakani. Alikuwa ameandika yote. Angeweza kuipata tena.

"Nitakuja Alhamisi kupaka upya," akasema. "Mpaka hapo mti hata mmoja usiguswe. Na jana kulinyesha?"

"Usiku wote."

"Nani analala ile nyumba ya chini?"

"Sheila na mtoto. Na kijana wangu."

"Watoke leo, baba. Si kesho. Leo."

Tulirudi haraka. Mvua nyepesi ilikuwa inapiga uso. Pikipiki ilitushusha barabarani kwa sababu ya matope, na ilipozimwa, tukasikia. Masese mwenye sikio moja alisikia kabla yangu. Alishika mkono wangu.

Pawa ilikuwa inanguruma mlimani kwangu.

Anyona alikuwa amemleta mtu anayeitwa Okemwa, ambaye hukata kuni kwa pawa ndogo. Alitaka tukirudi tukute kazi imekwisha, tusiwe na la kuuliza. Miti miwili ilikuwa imeshalala. Wa kwanza sijui kama ulikuwa na alama. Wa pili niliujua hata kutoka barabarani, kwa pengo lililobaki angani. Ulikuwa ule mkubwa wa karibu na ufa.

Masese alianza kukimbia. Sijawahi kumwona akikimbia. "Mimi juu!" akaniambia. "Wewe watoe walio chini!"

Nilikatiza shamba la chai. Nilianguka mara mbili. Nilifika mlangoni kwa Anyona, nikasimama.

Kwetu baba haingii nyumba ya kijana wake akishaoa. Tunaita chinsoni, ni heshima na ni aibu, yote pamoja. Ile nyumba ilijengwa miaka sita iliyopita na sikuwa nimeijua ndani. Na mwanamke akiwa kitandani na mtoto mchanga, hapo hata mlangoni husogei. Ukitaka kitu unamtuma mke wako. Mimi sikuwa na wa kumtuma.

"Sheila!" nikaita.

"Baba?" Sauti ilitoka chumbani. "Kuna nini?"

"Toka nje. Toka na mtoto."

"Baba, nimelala, sijavaa. Naumwa mgongo. Mwite mama Manasseh jirani."

Nikaita jirani. Hakuitika, alikuwa ameenda kituo cha majani chai. Nikatazama juu. Pawa ilikuwa imezima. Nilimwona Masese amesimama mbele ya Okemwa, ameweka kiganja chake juu ya injini, na Anyona anamvuta bega. Nyuma yao ardhi ilikuwa na mdomo. Ufa ule wa vidole viwili, sasa mbuzi angeweza kuingia.

"Sheila, mlima unakuja."

"Baba nakusikia, ngoja nitafute leso—"

Nilisikia mizizi inakatika. Sauti yake ni kama mtu anayepasua shuka. Kuku walikuwa wamekimbia wote upande wa chai.

Nikaingia.

Ndani kulikuwa na giza. Niligonga kiti. Sheila alikuwa ukingoni mwa kitanda, leso nusu, akanitazama kwa hofu, na hofu ile haikuwa ya mlima. Ilikuwa ya kuniona mimi. Nilitupa blanketi mabegani mwake, nikamchukua mtoto pamoja na nguo zake, nikamshika Sheila mkono. Alikuwa analia, "Baba, baba, baba." Nilimvuta. Nilikuwa sijamshika mkono tangu siku aliyoolewa.

Tulifika safu ya tatu ya chai. Tukasikia. Sikugeuka kwanza, nilimfunika mtoto. Halafu nikageuka.

Udongo ulikuja na miti minne imesimama ndani yake, inatembea kama watu wanaoshuka kutoka kanisani. Ulipiga ukuta wa nyuma, ukaingia chumbani, ukatokea dirishani. Paa liliinama upande mmoja. Hapo ukasimama. Ile mikaratusi iliyobaki wima iliuzuia mwingine usije.

Nilitafuta watu mlimani. Nilihesabu, mimi nisiyehesabu. Mmoja. Wawili. Wa tatu sikumwona, na nilijua ni Anyona. Halafu Masese akamvuta kutoka nyuma ya mwamba, kwa ukosi, kama mtu anayevuta ndama.

Anyona alishuka akiwa wa rangi ya majivu. Alimtazama Sheila, akamtazama mtoto mikononi mwangu. Akatazama dirisha la chumba chake, udongo umejaa hadi juu. Alikaa kwenye matope akashika kichwa. Masese alikaa kando yake. Hakumwambia, "Niliwaambia." Alitoa kitambaa akampa, kikiwa kichafu vilevile.

Sheila na mtoto walihamia nyumba yangu siku hiyohiyo, na mimi nikahamia jikoni, kwa sababu sisi wawili hatuwezi kulala chini ya paa moja. Siku nyingi hakuweza kunitazama. Chai yangu aliiweka kwenye kigoda, akageuka, akaenda. Wazee wawili walikuja kuniuliza kama ni kweli niliingia. Nikasema ni kweli. Wakaketi kidogo, wakanywa chai, wakaondoka. Hawajarudi kuliuliza.

Alhamisi Purity alikuja. Alisimama mbele ya ile nyumba. Halafu alipanda na daftari lake, hatua kwa hatua kutoka mpakani, na Masese akamshikia utepe. Alikifuta kile kibali cha kwanza. Anyona na Okemwa waliitwa kwa chifu, wakaandikisha maelezo, wakapewa onyo na miche mia mbili ya miti ya asili ya kupanda wenyewe. Anyona anaipanda bado. Hasemi mengi siku hizi.

Mvua ndefu ilipokwisha, mwezi wa sita, kibali kipya kilitoka. Mikaratusi kumi na miwili ya kukatwa, siyo kumi na tisa tena. Siku ile Purity aliketi kwenye gogo akanisomea fomu mpya, swali kwa swali. Mteremko ni mkali kiasi gani. Magogo yatapita wapi. Akafika penye swali la wakaaji.

"Chini ya eneo la kukata, ndani ya hatua mia, anaishi nani?"

Nilitazama kule chini. Mabati tulikuwa tumeshayatoa. Milango pia. Kuta zilikuwa zinarudi kuwa udongo.

"Andika hakuna," nikasema.

Akaandika. Nikaweka kidole gumba, kikateleza, alama ikatoka mbili. Akasema haidhuru.

Masese aliuzunguka mti wa kwanza mara tatu. Alituambia sote tusimame kwenye chai, hata Purity. Sheila alikuwa mlangoni kwangu na mtoto, mbali kabisa, mahali ambapo hata tawi haliwezi kufika. Pawa ilipowaka alimfunika mtoto kichwa kwa mkono, akarudi nyuma ndani ya nyumba. Mimi pia nilirudi nyuma, hatua moja, halafu nyingine.